Maji ya Korongo Hutoka Mbali

Kusini ya ziwa la Naivasha, katika Bonde la Ufa la Kenya, liko lango la mawe ambalo wasafiri wa kwanza kutoka Ulaya waliliita Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu. Jina hilo halikutolewa bure. Pande zote mbili za njia yamesimama magenge mekundu yaliyonyooka kama ukuta wa boma, na mvuke hupanda kutoka ardhini kana kwamba chini yake kuna jiko lisilozimwa. Mwisho wa lango hilo ardhi imepasuka, na hapo ndipo lianzapo korongo la Ol Njorowa, ambalo limewavuta watu wengi wa Kenya na wa nchi za mbali kuja kulitazama.

Mahali hapo pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984. Eneo lake ni kilomita za mraba 68 hivi, si kubwa likilinganishwa na Tsavo. Lakini hifadhi hii ina sifa isiyopatikana katika nyingine nyingi, nayo ni kwamba mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli katikati ya punda milia, swala, kongoni, pofu na twiga. Nyati nao wapo. Kwa hiyo ruhusa hiyo si ruhusa ya kuacha akili langoni.

JINSI KORONGO LILIVYOCHIMBWA

Korongo la Ol Njorowa halikuchimbwa kwa jembe wala kwa baruti. Lilichimbwa na maji. Yapata miaka 9,000 iliyopita, mvua katika sehemu hizi ilikuwa nyingi kuliko ilivyo sasa, na ziwa la Naivasha lilikuwa kubwa zaidi. Lilipojaa lilifurika upande wa kusini, na maji yake yakapita hapa, yakiyakata majivu na mawe laini yaliyotapikwa na volkano za kale. Baadaye nchi ilikauka, ziwa likashuka, na leo halina mto wowote utokao ndani yake juu ya ardhi. Mlango wa maji ukabaki mtupu.

Lakini yafaa msomaji akumbuke kwamba maji hayasahau njia. Mvua inyeshapo katika vilima vya jirani, maji yake huteremka kwa kuifuata njia ile ile iliyokatwa na ziwa zamani. Jambo hili ndilo limewaua watu katika korongo hili, na ndilo mume na mke mmoja walilojifunza kwa siku moja, bila kulipia fundisho hilo kwa maisha yao.

SAFARI YA JUMAMOSI

Watu hao wawili walitoka upande wa Bahati, karibu na mji wa Nakuru, Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba mwaka 2018. Mume ni karani wa ofisi mjini, na mke ndiye alimaye shamba lao la ekari 3. Walikuwa wametimiza miaka 20 ya ndoa. Kwa muda huo wote bwana huyo alikuwa akipita Naivasha katika gari la abiria kwenda Nairobi kwa shughuli za kazi, na kila alipoona mvuke ukipanda ng'ambo ya ziwa alisema moyoni kwamba iko siku atakwenda huko pamoja na mkewe.

Mkewe hakuona haja. "Tulipe nauli na kiingilio ili tukatazame mawe," alimwambia, "na mawe tunayo shambani, tena tunayatoa kwa jasho?" Isitoshe, mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, nayo yalianikwa uani juu ya turubai. Mwisho alikubali, baada ya kuwaagiza watoto wakubwa wayafunike mahindi mara waonapo wingu lolote.

Waliondoka saa kumi na moja ya alfajiri. Chakula chao kilikuwa chapati, chai katika chupa, na mayai 6 mabichi. Mayai hayo yalikuwa shauri la bwana, kwa maana wenzake ofisini walimwambia kwamba ndani ya korongo hutoka maji ya moto, na wageni huchemshia mayai humo. Bibi aliyapanga mayai ndani ya mkebe, akayafukia kwa pumba za mahindi yasije yakavunjika njiani. Mkebe ukachukuliwa na bwana mwenyewe, asimkubalie mtu mwingine kuushika.

Langoni walilipa kiingilio, wakamwajiri kijana wa Kimaasai wa mtaa wa jirani awaongoze. Baada ya mwendo mfupi waliufikia mnara wa jiwe usimamao peke yake, kimo chake yapata meta 25. Mnara huo ni moto wa volkano uliopoa ukawa jiwe ndani ya koo la mlima. Mlima wenyewe ukaliwa na mvua na upepo, koo likabaki. Huitwa kwa jina la Gustav Fischer, msafiri Mjerumani aliyefika Naivasha mwaka 1883, akalazimika kurudi alikotoka kabla ya kuitimiza safari yake.

Wamaasai wana habari nyingine juu ya jiwe hilo. Kijana aliwaeleza kwamba zamani palikuwa na binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, naye aliamriwa asigeuke kutazama nyumbani kwao. Uchungu wa kuagana ukamshinda, akageuka mara moja tu, na papo hapo akawa jiwe. Bibi alilitazama jiwe lile kwa muda, na pimbi wakikimbia juu yake, kisha akasema, "Mtoto wa watu alitaka kuona kwao tu."

Kutoka hapo walikwenda kwa miguu kama kilomita 8 kati ya magenge. Bwana alivutwa sana na habari za mvuke wa Olkaria, ulio ndani na kandokando ya hifadhi. Jina la Olkaria latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya udongo mwekundu wa kujipaka. Visima viwili vya kwanza vya kutafuta mvuke huo vilichimbwa kuanzia mwaka 1956, visilete faida. Lakini kazi ilianzwa tena baadaye, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme wa megawati 15. Tangu hapo mitambo imeongezwa mara nyingi, na mabomba makubwa ya mvuke huonekana yakipita vilimani.

NDANI YA KORONGO

Saa tano walifika katika kituo cha walinzi, ambapo tumbili huwangoja wageni ili wawaibie chakula. Bwana aliukumbatia mkebe wake, wakaanza kuteremka.

Chini, jua la mchana hufika kwa kitambo kidogo tu. Kuta za korongo zimelainishwa na maji, zikapindapinda kama kitambaa kinachokamuliwa, na rangi zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka: kijivu cha majivu, manjano, na wekundu wa kutu. Mahali pengine njia ni nyembamba hata mtu akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili. Vijito vidogo vya maji vuguvugu hutoka katika nyufa, na mchanga umejaa vipande vyeusi ving'aavyo kama kioo, ambavyo ni mawe ya volkano.

Bwana alipiga picha nyingi. Bibi alitazama kwa jicho la mkulima. Miaka michache iliyopita, katika mpaka wa shamba lao palikuwa na njia ya ng'ombe. Mvua ikaipata njia ile, ikaifanya mfereji. Mwaka wa pili mfereji ukawa shimo la kumficha mtoto. Walilizuia kwa kuchimba mitaro ya fanya-juu na kupanda majani ya mabingobingo kandokando yake. Alipoziona kuta za Ol Njorowa hakuhitaji kuelezwa sana. "Baba Watoto," alisema, "hili ni lile shimo letu, ila hapa hapakuwa na mtu wa kulizuia lilipokuwa dogo."

Mbele kidogo aliinua macho akaona gogo la mti limekwama kati ya kuta mbili, juu ya vichwa vyao, kimo cha watu wawili.

"Nani aliyeliweka gogo lile pale juu?" akauliza.

"Ni maji, Mama," akajibu kijana.

Bibi hakusema neno, lakini tangu hapo alikuwa akitazama juu mara kwa mara.

WINGU LA UPANDE WA MAGHARIBI

Yapata saa saba walifika mahali ambapo korongo hupanuka kidogo na mbingu huonekana. Juu yao palikuwa samawati tupu, na jua lilikuwa kali. Kijana aliwaambia kwamba chemchemi kubwa ya maji ya moto ilikuwa mbele, mwendo wa robo saa. Bwana aliutikisa mkebe wake kwa furaha.

Lakini bibi alikuwa amesimama. Upande wa magharibi, juu ya vilima vya Olkaria, paliinuka wingu jeusi, na chini yake mvua ilionekana ikining'inia kama pazia. Kwanza aliyafikiri mahindi yake uani. Kisha upepo ukavuma, ukaleta harufu ya udongo uliolowa, naye akalikumbuka lile gogo.

"Turudi," akasema.

Bwana alicheka. "Mama Watoto, hapa jua linawaka. Mvua ile ni ya watu wengine."

"Maji yaliyolikata shamba letu yalikuwa ya watu wengine pia," akajibu mkewe. "Mvua ilinyesha kwa jirani juu ya kilima, udongo ukaondoka kwetu."

Bwana hakupendezwa. Walikuwa wametoka mbali, wamelipa, na robo saa si kitu. Hata mayai yalikuwa tayari. Alimwuliza kijana kama pana hatari. Kijana akasita. Kazi ya kuongoza wageni ina taabu yake, kwa sababu mgeni aliyerudishwa njiani huona amenyimwa haki yake, na pengine hukataa kulipa. Kijana akasema kwamba wingu liko mbali, na kwamba mara nyingi mvua ya vilimani huisha bila maji kufika korongoni.

Ndipo bibi akamwuliza, "Mwanangu, kama mimi ningekuwa mama yako mzazi, ungenipeleka mbele au ungenirudisha?"

Kijana alilitazama wingu, kisha akautazama mchanga wa miguuni pake. "Ningekurudisha, Mama," akasema.

Akawaeleza kwamba mwezi wa Aprili mwaka 2012 vijana 7 wa kundi moja la kanisa walikufa katika korongo lile lile, walipokumbwa na maji ya ghafula. Bwana aliposikia hayo alifunga mkebe wake vizuri, akageuka bila kusema jambo jingine.

Walirudi kwa haraka hadi mahali penye njia ya kupandia. Hapo walikutana na wanafunzi wanne wa chuo wakiteremka kwa vicheko. Kijana aliwaambia warudi. Wawili wakakubali, wawili wakabisha, wakionyesha jua. Bwana, aliyekuwa akibisha nusu saa iliyopita, ndiye aliyewajibu. "Hata mimi sikutaka kurudi," akawaambia. "Mayai yangu ni haya hapa, mabichi. Pandeni juu, mkae nasi kwa saa moja. Yasipokuja maji, mtanicheka, kisha mtashuka." Wakapanda, ingawa kwa kunung'unika.

Hawakungoja saa moja. Sauti ilitangulia, kama lori la kokoto linapomwaga mzigo wake, lakini sauti ile haikukoma. Kisha maji yakaja, mekundu na mazito, yakibeba matawi, mawe na povu, yakajaza korongo kutoka ukuta hadi ukuta. Njia waliyopita ilitoweka kwa dakika chache. Juu ya vichwa vyao jua lilikuwa likiwaka bado, na hakuna hata tone moja la mvua lililowaangukia.

Wanafunzi walinyamaza. Bibi aliketi juu ya jiwe akaomba chai. Bwana alimlipa kijana ujira wake wote, akamwongezea. Jioni walifika nyumbani, wakakuta mahindi yamefunikwa vizuri, na mayai 6 yakachemshwa jikoni kwao kama mayai mengine yote.

KWA NINI MAJI HUJA KWA GHAFULA

Sababu yake si fumbo. Vilima vinavyozunguka korongo vina miteremko mikali, na udongo wake wa majivu ya volkano hubebwa kwa urahisi na maji. Mvua kubwa ikishuka kwa muda mfupi, ardhi haiwezi kuinywa yote. Maji hukusanyika katika vijito, na vijito vyote huelekea kwenye mlango mmoja. Maji yaliyokuwa yameenea juu ya ekari nyingi hulazimishwa kupita mahali penye upana wa hatua mbili. Hapo hayana budi kuinuka juu na kwenda mbio. Mtu aliye ndani hana pa kukimbilia, kwa kuwa kuta ni ndefu na laini, na njia za kupandia ni chache.

Tena, kuta zile zile humzuia asiione mbingu isipokuwa kipande kidogo kilicho juu yake. Hivyo huhukumu hali ya hewa kwa mahali asimamapo, na hali maji yatakayomfikia yamekwisha kunyesha mahali pengine.

Si kila safari iliyokwisha kama ya mume na mke wa Bahati. Tarehe 1 Septemba mwaka 2019, miezi 10 hivi baada ya safari yao, kundi la wageni lilikumbwa na maji ndani ya Ol Njorowa, na watu 7 wakapoteza maisha, mmoja wao akiwa kiongozi wa wageni. Baada ya msiba huo wakuu wa hifadhi waliamuru korongo lifungwe. Kifo cha kiongozi yule chaonyesha kwamba hata mtu aijuaye njia vizuri hawezi kushindana na maji yakisha kufika.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mume na mke wapendao kwenda Hell's Gate kwa siku moja hawana haja ya kuogopa safari. Magenge, wanyama, mnara wa Fischer na mvuke wa Olkaria huonekana bila mtu kuingia korongoni, na mwendo wa miguu katika hewa ile ni mzuri kwa mwili. Lakini yafaa wafuate mambo machache.

Kwanza, waulize langoni habari za korongo, kama limefunguliwa au limefungwa, na kama mvua imenyesha vilimani siku ile au jana yake. Pili, katika miezi ya mvua waitazame mbingu ya mbali pande zote kabla ya kukaribia mahali popote pa chini, wala wasitosheke na jua la utosini. Tatu, waonapo maji ya kijito yamebadilika rangi, au yameanza kuleta majani na takataka, au wasikiapo ngurumo isiyokoma, wapande juu papo hapo bila kungojea kukusanya vitu vyao. Nne, wakubaliane na kiongozi tangu mwanzo kwamba atalipwa ujira wake kamili hata akiwarudisha njiani. Kijana aliyehakikishiwa chakula cha jioni husema kweli upesi zaidi.

La mwisho lawahusu wale waambiwao langoni kwamba njia imefungwa. Wako watu ambao hutafuta mtu wa kuwapitisha kwa siri, wakiona kwamba amri hiyo ni ya kuwanyima starehe. Amri hiyo iliandikwa baada ya mazishi. Aambiwaye kwamba korongo limefungwa na alitazame kutoka juu, ale chakula chake kivulini, kisha arudi nyumbani kabla ya giza kuingia.